Nchi ya Sijui Tatu

Siwema aliliona jambo hilo asubuhi moja, akiwa amechuchumaa mlangoni akisokota ngata ya kubebea mtungi. Mdogo wake Mboza, mwenye miaka saba, alikuwa amekaa uani na gunzi la mhindi alilolivisha kitambaa, akilifanya mtoto.

"Jina lako nani?" Mboza aliliuliza gunzi.

"Naitwa Kijiba," gunzi likajibu, kwa sauti nyembamba ya Mboza mwenyewe.

Mboza akalifinya. Akauliza tena, "Jina lako nani?"

"Sijui, mkubwa."

"Hapo sawa," akasema Mboza, akalipapasa kichwa na kulilaza mapajani.

Siwema alisahau ngata mkononi. Ule mfinyo wa ncha ya kucha, wa kuja chini ya kwapa mahali ambapo wageni hawaoni, aliutambua. Ulikuwa wake. Alibeba maji siku hiyo akimwaga njiani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na kila alipopumzika aliificha mikono yake ndani ya kanga kana kwamba kuna mtu anayeitazama.

Nchi yao iliitwa Ngazini, kwa kuwa ilijengwa juu ya kilima chenye vidato vya mawe tangu bondeni hadi Ikulu. Kileleni aliishi Mfalme. Chini yake waliishi Mawaziri. Chini ya Mawaziri walikuwako wasomi, makarani na wenye nyumba za baraza pana. Mwisho kabisa, penye chemchemi, waliishi watu wa Chini, ambao kazi yao ilikuwa kupandisha vitu: maji, kuni, mawe, mikungu ya ndizi, na wakati mwingine Mawaziri wenyewe, kwenye machela.

Ngazini kulikuwa na adabu moja ambayo haikuandikwa popote, maana haikuhitaji kuandikwa. Mtu akiulizwa swali na aliye juu yake, hajibu papo hapo. Kujibu papo hapo ni kumwonyesha mkubwa kwamba mko kidato kimoja. Kwanza husema, "Sijui, mkubwa." Mkubwa huuliza mara ya pili, naye husema tena, "Sijui, mkubwa." Mara ya tatu ndipo hutoa jibu, macho yakiwa chini, akianza na neno labda. Wakubwa wa zamani waliijua adabu hii na walitimiza upande wao. Waliuliza mara tatu. Kilichopotea ni muda tu.

Kisha wakubwa wakawa na haraka. Wakaanza kuuliza mara moja.

Hapo ndipo alipoinuka Msomi Mkuu, mtu mwenye kalamu tatu kifuani na miguu laini, akamwomba Mfalme ruhusa ya kuchunguza akili za watu wa Chini. Alishuka vidato kwa mara ya kwanza maishani mwake, akiwa kwenye machela, akauliza watu mia tisa, kila mtu swali lake moja. Watu mia tisa wakasema hawajui. Hata mwanamke mmoja aliyeulizwa ana watoto wangapi, huku wanne wamemshika gauni, alisema hajui. Msomi Mkuu aliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, akapanda tena kwenye machela, na mwaka ule akatoa Kitabu cha Maumbile. Humo alithibitisha kwamba watu wa Chini huzaliwa hawajui, kama popo azaliwavyo hapendi jua, na kwamba si kosa lao wala la mtu mwingine yeyote.

Huko juu kitabu kilipokelewa vizuri sana. Kilieleza kwa nini shule ya Chini ilikuwa na mwalimu mmoja na dawati moja, ambalo ni la mwalimu. Kilieleza kwa nini anayebeba abebe na anayebebwa abebwe. Usingizi wa watu wengi wa juu uliongezeka.

Kilipotoka kitabu, Siwema alikuwa darasa la nne. Mkaguzi mgeni alikuja, akasimama mbele yake, akamuuliza swali. Siwema akasema, "Sijui, mkubwa," kama alivyolelewa, akangoja aulizwe mara ya pili. Mkaguzi alikuwa tayari kwa mtoto mwingine. Kesho yake jina la Siwema halikuitwa. Alikaa nyumbani, akachukua mtungi, na ndani ya moyo wake kulikuwa na sehemu ambayo ilikuwa bado inangoja kuulizwa mara ya pili.

Alikuwa msichana wa kujificha nyuma ya mabega ya wenzake. Kwa sababu hiyo walimchagua kumimina kahawa katika Baraza la Mfalme. Msimamizi alisema, "Huyu anafaa. Hata akikanyagwa hasemi."

Siku tatu baada ya mambo ya gunzi, Siwema alikuwa Barazani na birika lake wakati Msomi Mkuu aliposimama kusoma amri mpya.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "hii ni Amri ya Asili. Kila mtoto wa Chini akifika miaka saba ataulizwa swali moja, mara moja. Asiyejua ataandikwa katika Kitabu. Aliyeandikwa hatasoma, hatalalamika mbele ya karani, wala hatakuwa shahidi katika shauri lolote, yeye na uzao wake. Tutakuwa tumewapunguzia mzigo wa kusema."

"Mzigo mkubwa huo," akasema Waziri wa Vidato, akichukua kikombe bila kumtazama anayempa. "Mimi mwenyewe unanilemea."

Watu wakacheka kwa kipimo.

Mzee mmoja wa Baraza, ambaye alikuwa karibu kustaafu na kwa hiyo alianza kuwa na ujasiri kidogo, akakohoa. "Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, hatudhani kwamba huenda ni malezi?"

"Wahenga haohao walisema mtoto wa nyoka ni nyoka," akajibu Msomi Mkuu. "Mimi nimewauliza watu mia tisa, mzee wangu. Wewe umewauliza wangapi?"

Mzee akatazama kahawa yake.

Mfalme alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kugusagusa mkono wa kiti chake mahali palipobanduka rangi. Aliuliza, "Na watu wa Chini wanaionaje amri hii?"

Msomi Mkuu aliinamisha macho. "Mfalme ndiye ajuaye."

"Waziri?"

"Mfalme ndiye ajuaye," akasema Waziri wa Vidato, naye akiinamisha macho.

Swali likazunguka meza nzima, na kila lilipofika macho yalishuka na jibu likawa lile lile. Mfalme akatikisa kichwa kama mtu aliyeshiba upepo. Hakuuliza mara ya pili. Siwema alisimama nyuma yao, birika likimchoma vidole, akaona kitu kilichomtia wasiwasi kuliko amri yenyewe. Shingo za Mawaziri ziliinama vilevile kama shingo ya mama yake. Walikuwa wanasema sijui. Walikuwa wamelivisha neno hilo joho tu.

"Basi tuifungue amri siku ya tatu kuanzia leo, hapa hapa mbele yako," akasema Msomi Mkuu. "Mtoto wa kwanza kwenye orodha anaitwa Mboza, wa nyumba iliyo penye chemchemi."

Siwema akamimina kahawa nje ya kikombe.

Huko Chini habari ilimtangulia kufika. Wanawake walikuwa penye chemchemi, mitungi imejaa, hakuna anayenyanyua.

"Kwa hiyo nikiibiwa kuku, siendi kwa karani?" aliuliza mmoja.

"Utamwambia kuku akushtakie," akasema Bi Kirembo, mbebaji mwenye ulimi kuliko wote na goti bovu. "Yeye hajaandikwa."

"Bi Kirembo, watu wana majonzi, wewe unafanya mzaha."

"Shoga, mimi nimembeba yule Waziri wa Vidato tangu ana mvi mbili. Juzi ananiuliza, eti wewe bibi, mvua itanyesha? Nikamwambia sijui, mkubwa. Na mawingu yananigusa pua! Nikangoja aulize tena. Kasinzia. Tukalowa wote, yeye na mimi na adabu zetu."

Wakacheka, kisha kila mmoja akaona alichokichekea.

"Sasa tumwache mtoto wa watu aandikwe?" Bi Kirembo akaendelea, bila mzaha tena. "Akiandikwa huyo, kesho ni wangu, keshokutwa ni wako. Kwangu mimi, siku hiyo hakuna mtungi unaopanda mpaka tujue kilichoandikwa. Tutakaa nje ya mlango wa Baraza. Hatutasema kitu. Si ndivyo wanavyotutaka?"

Mama yake Siwema alikuwa wa mwisho kunyanyua mtungi. Njiani kurudi alisema, "Siwema mwanangu, usimfundishe mtoto kujibu. Babu yako alijibu mara ya kwanza. Waziri alimuuliza ukuta huu umesimama sawa, naye akasema haujasimama sawa, mkubwa, umeegama. Na kweli ulikuwa umeegama. Babu yako hatukumwona tena. Ndiyo maana mimi nilikufinya wewe."

"Na mimi nikamfinya Mboza."

"Ulifanya vizuri. Ulimpenda."

Neno lile la mwisho lilimwingia Siwema kama mchanga kwenye kiatu, akatembea nalo.

Alikuwa na siku mbili na nusu. Alimkalisha Mboza jikoni, mlango wamefunga, akaanza na kitu chepesi.

"Mboza, mbuzi ana miguu mingapi?"

"Sijui, dada."

"Mboza. Unajua."

"Sijui, dada."

"Kuna mbuzi pale nje. Nenda kamwangalie."

Mboza alichungulia kwa tundu la mlango, akarudi, akakaa, akakunja mikono. "Sijui, dada."

"Mimi si mkubwa. Mimi ni dada yako."

"Dada ni mkubwa."

"Basi nakuruhusu. Jibu mara ya kwanza, sitakufanya kitu."

Mboza alimtazama kwa muda mrefu kama mfanyabiashara anayepewa bidhaa rahisi mno. Akavuta mkono wake wa kushoto, akaubana kwapa. "Juzi pia ulisema hutafanya kitu," alisema. "Halafu ulifanya."

Ilikuwa hivyo siku hiyo na siku ya pili. Siwema alimpa muwa, mtoto akala muwa na asijibu. Alijifanya mjinga ili mtoto amsahihishe, akasema kuku anazaa, na Mboza akauma mdomo mpaka machozi yakamlenga, lakini hakusahihisha. Kile alichokijua kilikuwa kinamtekenya ndani kama kicheko msibani, na alikizuia kwa nguvu zake zote za miaka saba. Siwema alitoka nje akasimama ukutani, akipumua. Alifikiri juu ya Kitabu cha Maumbile. Msomi Mkuu aliuliza watu mia tisa, lakini hakukaa jikoni hata mara moja kuona mtu anavyotengenezwa asijue. Kazi hiyo ilifanyika huku, kwa mapenzi, kati ya chai na kuchambua mchele, na yeye Siwema alikuwa fundi mzuri.

Siku ya tatu walipanda. Mboza alivaa gauni la kijani lililopunguzwa pindo. Nyuma yao walipanda wanawake wa Chini mikono mitupu, na hilo tu lilitosha kuwafanya watu wa kati watoke barazani kutazama, kwa maana hakuna aliyewahi kuona mikono yao ikiwa mitupu. Walikaa nje ya mlango wa Baraza, kimya. Siwema akaingia na birika, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na Mboza akaingizwa kwa mlango mwingine, akasimamishwa katikati ya zulia.

Msomi Mkuu alifungua Kitabu, akachovya kalamu. "Wewe mtoto. Maji yanayonywewa Ikulu hutoka wapi?"

"Sijui, mkubwa," akasema Mboza.

Watu wa Baraza wakahema kwa kuridhika. "Mtukufu Mfalme ameona," akasema Msomi Mkuu. "Nyumba yao iko penye chemchemi. Asubuhi mpaka jioni anaona maji yakipandishwa. Na hajui. Ni maumbile." Akaishusha kalamu kwenye karatasi.

"Muulize tena."

Hakuna aliyejua sauti ile imetoka wapi, kwa sababu hawakuwahi kuisikia. Walitazamana wenyewe kwa wenyewe kwanza. Mwishowe wakamtazama mmimina kahawa.

"Birika limesema?" akauliza Waziri wa Vidato.

"Ukweli hauulizwi mara mbili, binti," akasema Msomi Mkuu.

"Kwetu huulizwa mara tatu," Siwema akasema. Kifuniko cha birika kilikuwa kinagonga, kila mtu akikisikia. "Majibu mawili ya kwanza ni ya heshima, mkubwa. Jibu lenyewe ni la tatu. Wewe ulikuja na moja, ukaenda zako. Watu mia tisa walikuwa bado wanakungoja umalize kuuliza."

Mfalme aliacha kugusa kiti chake. "Msomi," alisema, "haya ni kweli?"

"Mfalme ndiye ajuaye."

"Waziri, ni kweli?"

"Mfalme ndiye ajuaye."

"Nauliza kwa sababu sijui," akasema Mfalme. Neno hilo halikuwahi kutoka kwenye kiti kile, na baadhi ya Mawaziri wakageuza nyuso kama watu walioona utupu wa mtu mzima. Mfalme akawatazama mmoja baada ya mwingine, zile shingo zilizoinama, na inaonekana alianza kuhesabu ni miaka mingapi amekuwa akiziuliza kuta. "Kalamu isiguse Kitabu," alisema. "Mtoto, nakuuliza mimi. Maji haya hutoka wapi?"

"Sijui, mkubwa." Ilikuwa ya pili. Mboza alijibu kwa Mfalme, lakini macho yake hayakuwa kwa Mfalme. Yalikuwa kwenye mkono wa kulia wa Siwema.

Mfalme akayafuata macho yale. "Mara ya tatu. Maji hutoka wapi?"

Mboza alifungua mdomo. Akautazama mkono. Akaufunga. "Sijui, mkubwa," alisema, kwa sauti ndogo sana, na mkono wake wa kushoto ukaenda kwapani wenyewe.

Msomi Mkuu alitabasamu. "Zimetimia tatu, Mtukufu."

Nje ya mlango wanawake walisikia, na Bi Kirembo akaegemea goti lake bovu, akainama.

Siwema aliweka birika chini. Hakuliweka mezani, aliliweka juu ya zulia la Mfalme, likaacha duara la kahawa lililobaki pale mpaka zulia lenyewe lilipotolewa. Akaenda akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishika huko, kila mtu akiiona. Akamwambia maneno machache kwa sauti ya chini. Waliokaa mbele waliyasikia. Mfalme aliyasikia.

Mboza akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia kiti cha enzi, bila kuinamisha macho, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfundisha sehemu ile.

"Yanatoka chemchemi iliyo nyuma ya nyumba yetu," alisema. "Mama anayabeba. Na dada. Na Bi Kirembo, ila yeye anapumzika sana kwa ajili ya goti. Ni vidato mia tatu na kumi na mbili. Kidato cha mia mbili kimevunjika. Nyie mkinywa, sisi tunakuwa tumeshachoka."

Aliongeza kwamba mbuzi ana miguu minne, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa limemkaa moyoni.

Watu wa Ngazini bado wanabishana ni nini kilichokiangusha Kitabu cha Maumbile. Wapo wanaosema ni mikono mitupu ya wanawake, maana siku hiyo maji hayakupanda, wala kesho yake, na Ikulu ikagundua kiu. Wapo wanaosema ni Mfalme, ambaye tangu siku hiyo alikaa akiwauliza Mawaziri wake maswali mara tatu, nne, tano, na wengi wao hawakuweza kuvumilia, wakaomba kustaafu. Jina la Mboza halikuandikwa. Shule ya Chini imepata madawati tisa, na wanaoyakalia wanabanana wanne wanne. Lakini adabu haikufa. Mpaka leo ukishuka Chini na kumuuliza mtu njia, atakwambia hajui, na mtu huyohuyo atamfinya mwanawe usiku ule baada ya kuota ndoto mbaya juu ya ukuta ulioegama. Amri ilifutwa kwa siku moja. Kucha hazifutiki hivyo.

Mawaziri waliokuwapo hawapendi kuulizwa Siwema alisema nini pale zuliani. Husema Mfalme ndiye ajuaye. Aliyekaa karibu zaidi alikuwa yule mzee aliyekaribia kustaafu, na siku hizi anasimulia kwa yeyote, bila kuulizwa hata mara moja. Siwema hakuwa ameyasema kwa mama yake, wala penye chemchemi, wala kwa ukuta alioegemea. Aliyasema akiwa amepiga magoti, mikono nyuma.

"Mboza, mama anasema nilikufinya kwa kukupenda. Si kweli yote. Ile siku ya kwanza ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nasoma kibao cha dukani, nimekwama kwenye neno, na wewe ukalisema kabla yangu. Hakukuwa na mkubwa yeyote karibu. Tulikuwa mimi na wewe tu. Nikakufinya kwa sababu ulikuwa unajua, na mimi sikutaka kubaki chini peke yangu."